Pesa ya TASAF mkononi mwa mama: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeulizwa kwenye daladala, kwenye vikao vya kikoba, msibani, na mara moja na fundi cherehani aliyekuwa amebana pini mdomoni. Mengi yanahusu Tanzania, maana ndiko ninakokujua, na mpango ambao wengi wetu tunauita kwa jina moja tu: TASAF. Pale ambapo Kenya, Malawi au kwingineko wamefanya utafiti unaojibu swali vizuri zaidi, nimevuka mpaka. Sikuyapanga kwa uzito. Yanayoulizwa kwa sauti kubwa yametangulia, yale ya kunong'ona yako katikati.

Hii "pesa ya TASAF" ni nini hasa?

TASAF ni Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, ulioanzishwa mwaka 2000. Awamu zake za mwanzo watu wanazikumbuka kwa majengo: madarasa, zahanati, visima. Wazo la kuipa kaya fedha taslimu lilijaribiwa kwanza katika wilaya tatu, Bagamoyo, Kibaha na Chamwino, na malipo ya kwanza yakatoka mwaka 2010. Agosti 2012 Rais Jakaya Kikwete akazindua Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini mjini Dodoma. Ndani ya miaka michache ulikuwa umefikia kaya zaidi ya milioni 1, katika takriban asilimia 70 ya vijiji, mitaa na shehia. Awamu iliyozinduliwa na Rais John Magufuli Februari 2020 ililenga kuyafikia maeneo yote yaliyokuwa yamebaki, Bara na Visiwani.

Anayepewa kwa jina la serikali ni kaya, yaani wale wanaokula chungu kimoja. Lakini chungu hakiendi kupanga foleni. Jina linaloandikwa kama mpokeaji, pale panapokuwa na mwanamke ndani ya nyumba, mara nyingi ni la mwanamke.

Kwa nini mama na siyo baba?

Jibu utakalopewa na watu wengi ni kwamba mama ana huruma na watoto, baba ataishia kilabuni. Wapanga sera nao wana jibu linalofanana, ila wamelivalisha suti. Mexico ilipoanzisha mpango wake wa kuzipa kaya maskini fedha mwaka 1997, na Brazil ikaunganisha wa kwake mwaka 2003, zote mbili ziliwapa wanawake kipaumbele cha kupokea. Ushahidi waliokuwa nao haukuwa mbaya. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Uingereza ilihamisha posho ya watoto kutoka kwenye mshahara wa baba kwenda mkononi mwa mama, na wachumi walipochungulia takwimu wakakuta matumizi ya nguo za wanawake na watoto yamepanda yakilinganishwa na nguo za wanaume. Afrika Kusini, mchumi Esther Duflo alionyesha mwaka 2003 kwamba pensheni ya uzeeni ikipokewa na bibi, wajukuu wa kike walinenepa na kukua vizuri zaidi. Ikipokewa na babu, mabadiliko hayo hayakuonekana.

Halafu kuna Rarieda, kule Siaya, magharibi mwa Kenya. Kati ya 2011 na 2013 shirika la GiveDirectly lilituma fedha kwa M-Pesa kwa kaya maskini, bila masharti, na kwa kura: nyumba hii apewe mke, ile apewe mume. Watafiti Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro walipopima matokeo, kwa mambo mengi hapakuwa na tofauti kubwa kati ya nyumba ambazo mke alipokea na zile ambazo mume alipokea. Kwa hiyo hadithi ya mama malaika na baba mlevi haisimami kila mahali.

Mimi naona ni sawa mama apokee, lakini kwa sababu nyingine. Apokee kwa kuwa ni fedha ambayo vinginevyo angelazimika kuiomba. Ukisema apewe kwa sababu ana huruma, umemwambia baba kwa mlango wa nyuma kwamba watoto si kazi yake.

Ni kiasi gani?

Kidogo. Awamu ya kwanza ya mpango ilikuwa na ruzuku ya msingi ya shilingi 10,000 kwa mwezi kwa kaya, pamoja na 4,000 kama kuna watoto. Juu ya hapo kulikuwa na nyongeza za masharti: 4,000 kwa watoto wadogo wanaopelekwa kliniki, 2,000 kwa kila mtoto wa shule ya msingi, 4,000 kwa wa kidato cha kwanza hadi cha nne, 6,000 kwa wa cha tano na sita. Kikomo kilikuwa 38,000 kwa mwezi hata nyumba ijae watoto namna gani. Viwango vimefanyiwa mabadiliko tangu hapo, lakini ukubwa wa fedha yenyewe ni wa namna hiyo.

Chukua mama mwenye watoto watatu, wawili wa shule ya msingi na mmoja bado anabebwa. Kwa viwango hivyo, akitimiza masharti yote, anapata 22,000 kwa mwezi, na kwa kuwa malipo ni kila baada ya miezi miwili, siku ya dirisha, yaani siku ya malipo, anaondoka na 44,000. Igawe kwa vichwa vinne na siku 30, ni kama shilingi 183 kwa kila mtu kwa siku. Utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa 2017/18 uliweka mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi kwenye shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi. Kwa hiyo anayesema "wanalipwa kukaa bure" hajapiga hesabu.

Kama ni kidogo hivyo, inabadilisha nini?

Hapa ndipo ningependa tukae kidogo.

Watu wanafikiri umaskini wa mwanamke kijijini ni kukosa pesa. Ni kweli, lakini kinachoumiza kila siku ni kutokopesheka. Mwenye duka ana daftari. Jina lako likiwa kwenye daftari unachukua sabuni, mafuta ya kupima na nusu kilo ya sukari, utalipa baadaye. Asiye na kipato kinachojulikana hayumo kwenye daftari. Anatuma mtoto kuomba chumvi kwa jirani, na mara ya tatu jirani anajibu kwa kuchelewa. Sasa mama huyu akiandikishwa kuwa mlengwa, mwenye duka anajua, kama kijiji kizima kinavyojua, kwamba kila baada ya miezi miwili kuna kitu kinaingia. Anafunguliwa ukurasa. Elfu 44 kwa miezi miwili si mali, lakini ni dhamana.

Vivyo hivyo kwenye kikoba. Ili uingie lazima ununue hisa kila wiki, hata moja. Mwanamke asiyeweza kununua hisa moja haitwi, na kama hukuitwa kwenye kikoba hukopi mtaji wa maandazi, husikii habari za mbegu, hujui nani anauza kitoto cha mbuzi kwa bei ya shida. TASAF yenyewe imehimiza walengwa waunde vikundi vya kuweka na kukopa, na kwa macho yangu hilo limefanya kazi kubwa kuliko ruzuku yenyewe, japo bila ruzuku vikundi hivyo visingekuwa na cha kuweka.

Kisha kuna msiba. Mwanamke asiye na mchango na asiye na khanga ya kujitanda hukaa pembeni, au haendi kabisa, anasingizia kuumwa. Siku yake ya shida ikifika hana wa kumsaidia kuzika. Nimewahi kumsikia bibi mmoja akieleza pesa ile imemfanyia nini. Hakutaja chakula wala shule. Alisema, "Siku hizi nami nachanga." Watafiti wanalo neno lao la kisomi kwa jambo hili. Mimi naona la bibi linatosha.

Kilichoweza kuhesabiwa nacho kipo. Tathmini ya majaribio ya Bagamoyo, Kibaha na Chamwino ilikuta kaya zilizopokea fedha zina mbuzi na kuku wengi zaidi ya kaya zisizopokea, watoto wao wana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na viatu, na wamejiunga zaidi na Mfuko wa Afya ya Jamii, yaani bima ya afya. Kadi ya bima hasa, kwa mama aliyekuwa akiamka usiku wa manane na mtoto mwenye homa, huku akiwaza si ugonjwa bali hela ya kuandikisha cheti, ni usingizi. Na kuku, tusisahau, ni mifugo ambayo mahali pengi mwanamke anaweza kuuza bila kuitisha kikao cha ukoo. Ng'ombe ni habari nyingine.

Wanaume hawawapokonyi?

Wapo wanaopokonya. Wapo wanaosubiri nje ya ofisi ya kijiji siku ya malipo, wameegemea baiskeli. Wapo pia wanaofanya kwa upole zaidi: pesa ya mama ikishaingia, yeye anaacha kutoa hata ile mia tano ya mboga. Huyu hakupokonya kitu, na hakuna kamati itakayomwita, lakini kaya haikuongezewa chochote. Ukiniuliza lipi limeenea zaidi, nitasema hili la pili.

Je, pesa hizi zinaleta kipigo?

Swali hili huja kwa kunong'ona, na aghalabu muulizaji huanza na "kuna mama mmoja namfahamu".

Mwaka 2018 watafiti walikusanya tafiti 22 kutoka nchi za kipato cha chini na cha kati zilizochunguza uhusiano wa ruzuku ya fedha na ukatili wa mume au mwenza. Tafiti 16 kati ya hizo zilionyesha ukatili ulipungua. Kule Rarieda, mke alipopokea, kipigo kilipungua na ukatili wa kingono pia. Mume alipopokea, kipigo kilipungua vilevile.

Sababu haihitaji darubini. Ugomvi mwingi wa nyumba isiyo na kitu unaanzia kwenye sentensi moja, "hela ya unga iko wapi?" Baba hana, na aibu ya kutokuwa nayo inatokea kama ngumi. Sentensi hiyo isiposemwa jioni ile, jioni inapita.

Lakini si kila nyumba. Nchini Ecuador, kwa wanawake wenye elimu ndogo, matusi na udhalilishaji viliongezeka katika nyumba ambazo mke alikuwa na elimu sawa na mumewe au kumzidi. Mwanamume ambaye ukubwa wake ndani ya nyumba ulishaanza kutikisika, pesa ya mke inaweza kumtikisa zaidi. Kwa hiyo kama unamfahamu "mama mmoja", usimwambie takwimu za 16 kati ya 22. Msindikize Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, au kwa afisa ustawi wa jamii, na umsaidie kumweleza mwezeshaji wa TASAF kwamba hali ya nyumbani imekuwa hivyo.

Si wanazaa ili waongezewe?

Nyongeza ya watoto wadogo ilikuwa shilingi 4,000. Aliyewahi kumnunulia mtoto nepi na sabuni ajibu mwenyewe. Zambia walipima jambo hili katika mpango wao wa serikali wa ruzuku kwa kaya zenye watoto wadogo, na uzazi haukuongezeka.

Wanakunywea pombe, wananunulia khanga?

Pombe: David Evans na Anna Popova wa Benki ya Dunia walipitia tafiti 19 kutoka sehemu mbalimbali za dunia na hawakuona matumizi ya pombe na tumbaku yakipanda kwa sababu ya ruzuku. Kuhusu khanga, rudi juu usome habari za msiba.

Masharti ya kliniki na shule yanamsaidia mwanamke au yanamchosha?

Yote mawili, na kuchosha hakusemwi vya kutosha.

Kwenye majaribio ya mwanzo, mtoto wa chini ya miaka mitano alitakiwa kliniki mara 6 kwa mwaka, wa miaka 7 hadi 15 ahudhurie shule kwa asilimia 80, na mzee apimwe angalau mara moja kwa mwaka. Awamu zilizofuata zilibaki na roho hiyohiyo. Kwenye karatasi, mwenye masharti ni kaya. Njiani kuelekea zahanati sijawahi kukutana na kaya. Nimekutana na mwanamke mwenye mtoto mgongoni, mwavuli kama anao, na kadi ya kliniki ndani ya mfuko wa nailoni isije ikalowa.

Faida ipo, tusikatae. Wapo akina mama waliopata kisingizio halali cha kutoka nyumbani. "Nisipokwenda watakata pesa" ni sentensi ambayo hata mama mkwe mkali anaielewa. Kwa mwanamke ambaye ruhusa ya kutoka ni vita, sharti linageuka kuwa ruhusa.

Ila kuna ubaya mmoja unaonikera. Tuseme baba anamtoa kijana wa darasa la tano shuleni akachunge. Mahudhurio yanashuka, nyongeza inakatwa. Imekatwa mkononi mwa nani? Aliyemtoa mtoto shuleni hakuwa kwenye foleni. Mama ameadhibiwa kwa uamuzi ambao hakuufanya na pengine aliupinga. Kama kuna kitu kimoja ningekibadilisha katika masharti, ni hiki: panapokatwa, baba aitwe kwanza mbele ya kamati, aeleze.

Na mabinti? Wanapata nini?

Tangu Januari 2016 elimu ya msingi hadi kidato cha nne haina ada Tanzania, na mwaka 2022 kidato cha tano na sita vikafuata. Watu wanauliza, basi pesa ya shule ya nini? Ni ya sare, daftari, mchango wa chakula, mafuta ya taa au chaji ya taa ya sola, na pedi. Binti anayekosa pedi anaweza kukosa shule siku kadhaa kwa mwezi, na hakuna ada iliyofutwa inayolirekebisha hilo. Tangu Novemba 2021, binti aliyejifungua anaruhusiwa kurudi shule ya serikali, lakini ruhusa haimlei mtoto wake saa nne asubuhi. Hapo bibi mwenye chochote mkononi ndiye anayeamua kama ruhusa ile ina maana.

Ushahidi ulionifundisha zaidi umetoka Zomba, Malawi, mwaka 2008 na 2009. Wasichana waligawanywa: kundi moja likapata fedha kwa sharti la kuhudhuria shule, jingine bila sharti lolote. Wenye sharti walibaki shule kwa wingi zaidi, kama ilivyotarajiwa. Lakini ndoa na mimba za mapema zilipungua sana upande wa wasio na sharti, na hasa kwa wale waliokuja kuacha shule. Fikiria kidogo utaona kwa nini. Msichana anayeacha shule akiwa na miaka 16 ndiye hasa anayehitaji hela ya kununua mafuta ya kujipaka bila kumshukuru mwanamume, na pesa ya masharti inamwacha siku hiyohiyo. Kenya nako, katika mpango wa serikali wa yatima na watoto walio hatarini, ambao majaribio yake yalianza 2004, uwezekano wa msichana kupata mimba mapema ulipungua kwa kama pointi 5 za asilimia.

Tanzania ilijaribu kwenda mbele zaidi kwa kile kilichoitwa Ujana Salama, kwa vijana kutoka kaya za walengwa huko Mufindi, Rungwe na Busokelo: mafunzo ya kujitegemea na ya afya ya uzazi, walezi wa kuwashauri, mtaji mdogo, na kuunganishwa na vituo vya afya vinavyowapokea vijana bila kuwafokea. Hili la mwisho mtu akiliona dogo, aende akaulize kondomu au sindano ya uzazi wa mpango kwenye dirisha ambalo muuguzi ni rafiki wa mama yake.

Ajira za muda: kuchimba malambo ni kazi ya mwanamke?

Mpango una kipengele cha kazi za ujenzi wa jamii: barabara za vijijini, malambo, mitaro, vitalu vya miti. Awamu ya kwanza ujira ulikuwa shilingi 2,300 kwa siku, siku 15 kwa mwezi, kwa miezi minne ya kiangazi njaa inapokuwa kali. Baadaye ukawa 3,000. Wanaojitokeza wengi ni wanawake, sababu wanaume wanaona ujira huo hauwastahili. Wanawake nao wanauona mdogo, basi tu hawana pa kuukataa.

Shida si jembe. Wanawake wa vijijini na jembe wanafahamiana. Shida ni kwamba siku ile ya kazi haikuondolewa chochote kwingine: maji yanasubiri, kuni zinasubiri, mgonjwa anasubiri. Na mtoto mdogo anabaki na dada yake wa miaka 9, ambaye sharti jingine la mpango huohuo linamtaka awe darasani.

Kulipwa kwa simu au benki ni bora kuliko foleni?

Kwa usiri, ndiyo. Zile siku za foleni kila mtu aliona nani kapata ngapi, na mwenye deni alikuwa amesimama hatua tatu kutoka mezani. Kwenye simu ujumbe unaingia kimya.

Lakini simu ni ya nani? Laini siku hizi inasajiliwa kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa, na bibi ambaye vidole vyake vimesuguliwa na mpini wa jembe miaka hamsini mashine inaweza kumkataa. Anatumia laini ya mjukuu. Mjukuu ni mtoto mzuri mpaka mechi ya Simba na Yanga iwe na mkeka. Kisha wakala hana pesa taslimu, njoo kesho. Kesho ni nauli. Makato nayo yana meno kwenye pesa ndogo kuliko kubwa. Na wanawake wasiosoma ujumbe humpa wakala simu pamoja na namba ya siri, "nitolee mwanangu". Kama una mama au shangazi mlengwa, msaada mkubwa kuliko kumtumia elfu tano ni kukaa naye nusu saa mpaka aibonyeze namba yake mwenyewe, hata mara ishirini.

Kitu kimoja kilipotea na foleni, na wachache wanakitaja. Siku ya malipo ilikuwa kikao. Wanawake walikaa chini ya mwembe saa nyingi, wakasikia habari za lishe, wakapanga vikundi, wakatafuta wachumba wa watoto wao. Ukiliondoa hilo, lazima uweke kingine.

Hii ni sawa na mkopo wa asilimia kumi wa halmashauri?

Hapana, na kuchanganya kumewagharimu watu. Ruzuku hairudishwi. Ule wa halmashauri ni mkopo usio na riba unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, na lazima urudishwe. Ulisitishwa Aprili 2023 kwa sababu ya matatizo ya utoaji na urejeshaji, ukarudishwa 2024 kwa utaratibu mpya. Mtu akikuambia pesa ya TASAF nayo utairudisha, au inabidi utoe kitu kidogo ili upewe, huyo anakuibia.

Bibi zetu je?

Mwanamke wa kawaida wa umri wa miaka 75 hakuwahi kuajiriwa, kwa hiyo hana mfuko wa hifadhi ya jamii unaomkumbuka. Zanzibar ililiona hili mapema: tangu Aprili 2016 kila mkaazi aliyefikisha miaka 70 anastahili Pensheni Jamii, bila kuulizwa aliwahi kufanya kazi wapi, na ilianza na shilingi 20,000 kwa mwezi. Kenya, chini ya Inua Jamii, wazee wa miaka 70 na zaidi hupewa shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi. Uzuri wa pensheni ya wote ni kwamba haina aibu. Hakuna kikao cha kijiji kinachojadili kama wewe ni maskini vya kutosha. Una miaka 70, umepata, kwisha.

Jirani kapata, mimi sikupata, na sote ni wajane. Kwa nini?

Uchaguzi ulipita hatua tatu: kwanza maeneo, kisha mkutano wa kijiji au mtaa kutaja kaya maskini kuliko zote, kisha dodoso lenye maswali kuhusu nyumba, mifugo, vyombo na watu wanaotegemeana, ambalo kompyuta hulipigia alama. Kila hatua ina tundu lake. Kwenye mkutano, mwanamke asiyehudhuria kwa kuwa anauguza hatajwi. Kwenye dodoso, mwenye bati aliloezekewa na marehemu mumewe anaweza kuonekana tajiri kuliko mwenye nyasi ambaye anakula mara mbili kwa siku. Na kulikuwa na kaya hewa; uhakiki uliofanywa kuanzia Novemba 2015 uliondoa makumi ya maelfu ya kaya zisizostahili. Wakati huohuo wajane halisi walikuwa nje.

Kosa la namna hii huvunja urafiki wa wanawake kuliko linavyovunja ndoa. Mliokuwa mkigawana kiberiti mnaacha kusalimiana. Usimchukie jirani, yeye hakupiga alama.

"Kuhitimu" maana yake nini, na mwanamke anabaki na nini?

Kaya ikionekana imeimarika huondolewa kwenye ruzuku, wenyewe wanasema imehitimu. Kwa aliyejenga, ana mbuzi na genge linalouza, ni haki. Wasiwasi wangu uko kwa mwanamke ambaye kilichoimarika ni mali ya kaya, si yake. Bati limepanda juu ya nyumba iliyo kwenye kiwanja cha ukoo wa mume. Mume akifa kesho, yeye na hiyo nyumba mambo yao yatajadiliwa na mashemeji. Kabla hujahitimu, hakikisha mbuzi wanajulikana ni wa nani, akaunti au hisa za kikundi ziko kwa jina lako, na cheti cha ndoa kipo mahali unapopajua wewe.

Nikiwa na malalamiko, au nimeachika, nimehama, nimezaa, nifanye nini?

Mabadiliko yoyote ya kaya yapeleke mapema kwa kamati ya usimamizi ya jamii, mtendaji wa kijiji au mtaa, na kama halijibiwi, kwa mratibu wa TASAF wa halmashauri. Mke mwenza mwenye jiko lake aeleze wazi kwamba anapika mwenyewe. Aliyeachika asisubiri dirisha lijalo ndipo aseme. Nenda na mtu mmoja, nenda na kitambulisho cha mlengwa, na uwe na daftari: tarehe ya kila malipo, kiasi ulichopokea, kiasi kilichokatwa, na jina la aliyekuambia "njoo wiki ijayo". Kama huandiki, mwombe mtoto wa shule akuandikie, kila dirisha, siku hiyohiyo.